Wimbo wa Misumari Saba

Katika mji ule mwaka haukujiendea wenyewe. Uliletwa. Uliletwa ndani ya mkoba wa ngozi, begani mwa Mkaguzi, asubuhi moja ya kila kiangazi, ukagawiwa watoto wa chekechea mmoja mmoja kama uji wa saa nne. Mtoto aliyepewa mwaka wake wa kwanza alirefuka papo hapo, kaptura ikampanda, jino likalegea, na tangu siku hiyo miaka mingine ilimfuata yenyewe kama mbuzi wanavyomfuata aliyetangulia. Asiyepewa alibaki. Hilo tu: alibaki. Wala hapakuwa na aliyestaajabu, kwa kuwa mtu hustaajabia kile kilichoanza yeye akiwapo. Kilichomtangulia hukiita desturi, akakiamkia kila asubuhi.

Mwaka ulipatikana kwa kujua rangi. Kwa nini rangi, na si hesabu, na si majina ya mababu? Chuoni, walikofunzwa walimu wa mji ule, jibu lilikuwa moja, na Mwalimu Sikudhani alikuwa ameliandika kwa mwandiko wa kusimama na kulipigia mstari kwa rula: mtoto akishajua rangi amekwisha kubali kwamba dunia ina majina, na aliyekubali majina aweza kuaminiwa na miaka. Alikuwa na umri wa ujana alipoandika maneno hayo. Sasa alikuwa mtu mzima, mwenye miwani na subira, na daftari lile lilikuwa bado katika droo ya meza yake, limefungwa kwa utepe ili kurasa zisitanuke.

Alipenda mpangilio. Si kwa ukali. Aliupenda kama mtu apendavyo kitanda kilichotandikwa. Viatu vya watoto vilipangwa mlangoni kwa ukubwa, vikombe vilining'inizwa kwa masikio upande mmoja, na ukutani, juu ya ubao, palikuwa na misumari saba, na juu ya kila msumari kizibo kimoja cha soda kilichotobolewa katikati. Cheupe, chekundu, cha manjano, cha kijani, cha buluu, cha zambarau, cheusi. Kila asubuhi alishika fimbo ya mwanzi, akagusa msumari wa kwanza, na darasa zima likaanza kwa sauti zilizokuwa bado na usingizi:

Cha kwanza cheupe, mfano wa pamba,
cha pili chekundu, shungi la jogoo,
cha tatu manjano, bizari ya shamba,
cha nne kijani, jani la mgomba,

na kuendelea mpaka cheusi, ambapo walipiga makofi mara tatu na kukaa chini wote kwa pamoja, kishindo kimoja, kama gunia lililotuliwa. Hakuna lililompendeza zaidi ya kishindo kile. Alikuwa ameurithi wimbo ule kwa mwalimu wake, naye kwa mwalimu wake, na aliyeutunga kwanza hakujulikana, labda hakuwapo, labda wimbo ulikuwapo kabla ya kinywa, ukingoja.

Watoto walikuwa ishirini na watano. Husemwa ishirini na watano, lakini mmoja wao alikuwa na mvi.

Huyo alikuwa Pazi. Aliketi benchi la nyuma, peke yake, miguu yake mifupi ikining'inia bila kugusa sakafu, kimo cha mtoto wa miaka mitano na kichwa cheupe kama kilichomwagiwa unga. Kwa kuwa nywele hazikungoja mkoba wa mtu. Kaguzi arobaini zilimpita. Kila mara Mkaguzi alipomuuliza, Pazi alijibu kwa sauti ya wazi, bila kusita, na kila mara alikosea. Watoto walimwita mwenzetu Pazi, wakamwachia awafunge kamba za viatu. Kina mama walimletea maandazi na sweta, wakamwuliza hali kwa upole uliozidi kiasi, na upole huo ulikuwa na sababu yake, ingawa haikutajwa mezani. Mkoba wa Mkaguzi ulikuja na miaka pungufu kwa mmoja. Watoto ishirini na watano, miaka ishirini na minne. Watoto kumi, miaka tisa. Sheria iliandikwa juu ya mlango wa darasa kwa herufi zilizochongwa: BENCHI LA NYUMA LISILALE TUPU. Maadamu Pazi alikuwapo, upungufu ule haukumwumiza mtoto wa mtu. Walimpenda kama mtu aupendavyo ukuta ulio upande wa upepo.

*

Mwaka huo aliletwa Tunu.

Aliletwa na bibi yake, Bibi Mwantumu, mwanamke mwembamba aliyetembea akiwa ametanguliza mkono mmoja mbele, maana macho yake yalikuwa yameanza kufunikwa na utando. Alisimama mlangoni, akaupapasa uso wa Mwalimu kwa vidole kana kwamba anamtafuta mtu mwingine nyuma yake, akasema kwamba huyu ndiye aliyebakishiwa. Hakusema na nani. Akasema:

"Mwalimu, macho yangu yanaaga. Sikuombi awe wa kwanza. Nimwone tu akirefuka, hata kwa kidole kimoja, kabla hayajafunga."

Mwalimu Sikudhani aliahidi. Alikuwa hajapata kushindwa na mtoto tangu ashike fimbo ile, ukimwacha Pazi, na Pazi alimkuta tayari benchini.

Lakini Tunu hakuimba. Alisimama mstarini na wenzake, akatazama ukuta, akafunga mdomo. Hakuwa bubu, alizungumza na vyungu, na kuku, na kivuli chake. Wenzake walimcheza shere, wakamzunguka wakiimba kwamba Tunu amemeza kizibo, kizibo kimekwama kooni, mpigeni mgongoni. Naye aliwasikiliza mpaka mwisho kama mtu anayesikiliza taarifa, kisha akaenda zake chini ya mfereji wa paa. Huko alikuwa na mafungu yake. Alikusanya vizibo vilivyotupwa dukani, akaviweka ardhini, na kando ya kila kimoja akaleta vitu: pilipili iliyokauka, uzi wa kanga, unyoya, ganda la yai, makaa, ua la mboga. Mwalimu alilitazama lile kwa huruma na kwa mashaka. Kitabu cha chuo kililiita hali hiyo mchezo usio na lengo. Kila siku alichutama kando ya mtoto, akaokota kizibo chekundu kutoka katika fungu, akamwonyesha taratibu.

Hiki ni cha ngapi, Tunu?

Tunu aliutazama mkono wa Mwalimu, akalitazama fungu lililobaki na pengo, akachukua kizibo chake na kukirudisha kwa pilipili.

Cha pili, mwanangu. Cha pili chekundu. Sema basi.

Hakusema.

Kiangazi kikakaribia. Ukungu uliokaa juu ya mji miezi tisa ukaanza kupanda mlima, na vitu vikatoka ndani yake kimoja kimoja, bati, mgomba, punda, kana kwamba vinaumbwa upya kwa haraka na mtu aliyechelewa. Mwalimu Sikudhani alihesabu siku. Alijua jambo ambalo kina mama walikuwa hawajalifikiri: mkoba ulipungukiwa na mwaka mmoja tu, lakini asiyejibu hakupewa hata kama mwaka ulikuwapo. Benchi la nyuma lilitosha watu wawili.

*

Siku moja kabla ya ukaguzi, panya walikula kamba.

Haikuwa kamba ya maana. Ni ile iliyopita ndani ya vizibo na kuvishikilia kwenye misumari. Mwalimu alipoingia asubuhi alivikuta vizibo vyote saba sakafuni, vimetawanyika chini ya meza. Akachutama avikusanye. Na kwa kuwa kengele ilikuwa imekwisha kulia, na watoto walikuwa wamezoezwa vyema, walisimama mstarini, Pazi nyuma, wakaitazama misumari mitupu, wakaimba.

Cha kwanza cheupe, mfano wa pamba.

Vichwa vikageuka kidogo, pamoja, kuelekea msumari wa pili. Cha pili chekundu. Vidole vikanyooshwa kwenye chuma chenye kutu. Walipofika cha tano macho yao yaliupenda msumari ule mtupu kwa upendo uleule, na walipofika cheusi wakapiga makofi matatu na kuketi kwa kishindo kimoja. Mwalimu alikuwa bado amepiga magoti, vizibo viganjani. Alisubiri mtoto mmoja acheke. Hakucheka mtu.

Akainuka. Mikono yake, iliyozoea kujua pa kwenda, haikujua. Akavitundika vizibo ovyo, cheusi mwanzo, cha manjano mwisho, na kwa sauti aliyoshindwa kuitambua kuwa yake akawaomba waimbe tena. Wakaimba. Walikiita cheusi cheupe, mfano wa pamba. Walikiita cha kijani chekundu. Waliimba kwa usafi, bila kukosea hata silabi, wamejaa furaha ya watoto wanaojua.

Tunu akatoka mstarini, akaja mpaka mezani, akalivuta gauni la Mwalimu. Alichosema kilikuwa neno lake la kwanza darasani.

"Mwalimu," alisema, "wanaimba misumari."

*

Aliwaruhusu watoto mapema. Akakaa.

Kuna mawazo yanayoingia kwa mlango na mawazo yanayokutwa ndani. Hili alilikuta ndani, limeketi, limevua viatu, kama lililoishi pale miaka yote likinywa chai yake. Kwamba alikuwa amefundisha mahali na si rangi. Kwamba mpangilio wake, alioupenda, ulikuwa ndio uliokaa mbele ya macho ya watoto kama pazia. Kama angevichanganya vizibo hata siku moja. Kama angekuwa mvivu. Kama angekuwa na dada wa kumvurugia meza. Na kabla yake mwalimu wake, na kabla ya huyo mwingine: mji mzima uliopewa miaka kwa kujua misumari, mahakimu, waoka mikate, maharusi, wote wamerefuka juu ya vyuma saba vilivyopigwa ukutani na fundi ambaye labda alikuwa na haraka.

Nyekundu. Umesema nini uliposema nyekundu? alijiuliza.

Nimesema cha pili.

Na damu je? Damu ni ya ngapi?

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Kizibo kilikuwa mkononi mwake na hakuweza kuapa kwamba anakiona. Aliona neno. Neno lilikuwa limetangulia na kukaa juu yake, kama mgeni anayejibu salamu alizopelekewa mwenye nyumba.

"Na wewe umegundua," ilisema sauti ya nyuma.

Pazi hakuwa ameondoka. Hakuwa na pa kwenda. Alilala darasani, juu ya mikeka. Mwalimu Sikudhani aligeuka, na kwa kitambo ambacho hakuweza kukipima aliwaona Pazi wawili, mwenye mvi na asiye na mvi, na yule asiye na mvi aliketi kando ya msichana aliyesukwa mabutu manne, na msichana huyo alikuwa yeye. Maana hili nalo alilijua siku zote bila kulitazama: walikuwa darasa moja. Waligawana kipande cha muhogo siku ya ukaguzi wao.

"Umejua tangu lini?" aliuliza.

"Tangu siku ile. Unakumbuka paa lilivuja? Mwalimu wetu akanihamisha nisilowe, akaniketisha kule, ng'ambo ya ukuta wa mbao." Akanyoosha kidole kwenye kona ambapo zamani palikuwa na kizuizi chenye dirisha, na misumari ikiwa juu yake. "Misumari ilipenya mbao, Siku. Nyie mlikuwa mkiiona kwa vichwa, mimi naiona kwa ncha. Cha kwanza chenu kwangu kilikuwa cha saba. Niliimba nanyi msimu mzima, ila kwa kuanzia upande wangu. Siku ya Mkaguzi nikarudishwa mbele, nikaulizwa cha kwanza, nikajibu cheusi. Nikaulizwa cha pili, nikajibu zambarau."

Alikuwa mtu pekee duniani aliyebaki kumwita Siku.

"Mbona hukusema?"

"Niliulizwa rangi," Pazi alisema bila uchungu. "Sikuulizwa nilikokaa."

"Na kaguzi zilizofuata? Arobaini, Pazi. Ungeweza kugeuza tu."

Pazi alijibu akivitazama viatu vyake vidogo. Mwaka wa pili, alisema, alitaka kugeuza. Ila siku hiyo kulikuwa na mtoto mwingine aliyejibu kwa kusitasita, mtoto wa mwoka mikate, analia, na mkoba una upungufu wa mmoja. Akajibu kwa upande wake wa zamani. Mwaka wa tatu alikuwapo mwingine. Baada ya hapo likawa jambo la kawaida, kama mtu anayeshikilia mlango ili wenzake wapite, kisha wanapita wengine, kisha wengine, na mkono unasahau kwamba ulikuwa mkono. Hakujuta. Lakini mwaka huu, alisema, alikuwa amechoka, na alitaka kujua watu wa kimo kirefu huona nini juu ya ua.

Mwalimu Sikudhani aliona jambo zima mbele yake, limepangwa vizuri, na huo ndio ubaya wake. Angerudisha vizibo mahali pake, na watoto ishirini na watatu wangevuka kesho bila kujua chochote. Pazi angebaki kama kawaida. Na Tunu, aliyekuwa peke yake anayeona, angebaki pamoja naye kwa sababu alikataa kuimba chuma. Au angesema kweli: Pazi apewe haki yake. Basi mkoba ungepungua kwa mtu mwingine, na kila mtu mjini alijua mtu mwingine huwa nani. Huwa yule asiyejibu. Haki ya huyu ilikuwa imekaa juu ya kidole cha yule, na bibi kizee alikuwa nyumbani akiyatunza macho yake kwa ajili ya kesho kama mtu atunzaye mafuta ya taa.

Je, rangi ilikuwapo kabla ya kuitwa? Kama ilikuwapo, basi mwalimu huongeza nini? Na kama haikuwapo, huyu mtoto anaona nini chini ya mfereji wa paa?

Akachukua nyundo iliyofungia dirisha. Aliing'oa misumari yote saba, mmoja mmoja, akaipanga mezani kwa ukubwa, kwa kuwa mazoea hayang'olewi siku moja.

*

Asubuhi aliwatoa watoto nje. Hawakupanga mstari, aliwazuia wasipange, na baadhi yao wakalia kwa kukosa mtu wa kusimama nyuma yake. Alimwaga vizibo vyote uani, vya ukutani na vya Tunu, akampa kila mtoto kimoja, akawafundisha wimbo alioutunga alfajiri akichemsha maji, wa kwanza katika maisha yake ambao hakuurithi kwa mtu:

Kizibo, kizibo, ndugu yako nani?
Nitazame kwanza, kisha nifuate.

Ndio mchezo wenyewe. Unakitazama kizibo mpaka uchoke, kisha unakwenda kumtafuta ndugu yake, popote alipo, unarudi naye. Hakuna cha kwanza. Mwanzoni walizubaa, wakageuka kuutazama ukuta wa nje kana kwamba misumari imehamia huko. Ni Tunu aliyeanza. Alikimbia hadi kwenye mafungu yake, akawaita kwa mkono, akawagawia, huyu pilipili, yule makaa. Mtoto mmoja aliyeitwa Sefu alisimama mbele ya mgomba na kizibo cha kijani, akakipeleka karibu na jani, akakirudisha, akakipeleka tena. Kisha akapiga ukelele mdogo wa mtu aliyekanyagwa, akakimbia kumwita mwenzake aje aone. Wakaja. Baada ya hapo hapakuwa na kuzuia. Waliuvamia ua kama kuku waliofunguliwa banda. Waliyavamia mapipa, na kanga za wapita njia, na masikio ya punda. Walibishana, wakasukumana, yule anasema hilo si ndugu ni binamu, huyu anasema binamu ni wa baba yako. Majina yalikuja baadaye, yenyewe, yakiwa yamechelewa na kuhema. Mwalimu Sikudhani alisimama katikati ya fujo ile, na moyo wake, uliokuwa umetandikwa miaka yote, ukavurugika.

Bwana Kondo Mwinyikai, Mkaguzi, aliingia katika hali hiyo. Alikuwa mtu mpole, mzito, mwenye koti la kazi na karatasi iliyokunjwa mara nne. Hakuna aliyepata kumwona akiinua macho kutoka kwenye karatasi ile. Alitoa salamu, akapita moja kwa moja ndani, watoto na Mwalimu wakimfuata, akanyoosha fimbo yake juu ya ubao kama alivyofanya kila mwaka, akauliza, cha kwanza?

Fimbo ikateleza ukutani. Haikukuta kitu. Bwana Kondo akaipapasisha kulia, akaipapasisha kushoto, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ya mtu aliyeamshwa nyumba siyo.

"Mwalimu," alisema, "misumari iko wapi?"

Hakuuliza vizibo. Wote walisikia kwamba hakuuliza vizibo. Kina mama waliokuwa dirishani wakatazamana, na Bibi Mwantumu, aliyekuwa amesogezwa mbele yao kwa heshima, akageuza sikio.

Tunu alimwendea Mkaguzi. Hakumwogopa, alimtazama kama alivyovitazama vyungu. Akamfunua kiganja, akamwekea kizibo, akamwambia kwa sauti ndogo kwamba lazima akitazame kwanza. Bwana Kondo alitazama. Kwa mara ya kwanza watu wakaona macho yake: yalikuwa ya kahawia, na madogo, na ya mtoto. Alikitazama kizibo, akaitazama karatasi, ambayo haikuwa na la kusema. Watoto wakaanza kumwimbia, kwa hisani, kama wanavyomwimbia aliye nyuma. Ndugu yako nani. Mkaguzi akageuka huku na huku, akajizungusha mzunguko mzima, kisha akainua mkono wake mwenyewe ulioshika kizibo, akaona pamoja nacho mkono wa koti.

"Ni hili," alisema. "Ni koti langu." Akaligusa. "Nimelivaa miaka thelathini."

"Ni la buluu," Tunu alimwambia.

Mkaguzi alikaa juu ya meza ya Mwalimu, jambo ambalo si la adabu, na hakuna aliyemkemea. Baada ya kitambo akawauliza watoto wote, lakini hakuuliza kwa karatasi, alicheza. Alipomfikia Pazi, Pazi alichukua kizibo cheupe, akatembea polepole hadi kwenye kipande cha kioo kilichokuwa juu ya ndoo, akakilaza kichwani mwake, akatabasamu. Watoto walicheka mpaka wakashikana. Mkaguzi akafungua mkoba.

Kisha akaufunga. Akasema, na ilionekana kwamba anaumia, kwamba wote ishirini na watano wanajua, wala yeye hana shaka, ila miaka ni ishirini na minne. Hakuipunguza yeye. Hajui nani huipunguza. Huukuta mkoba mlangoni kwake umefungwa tayari. Na akaonyesha maandishi ya juu ya mlango. Dirishani, mama wa Sefu akamvuta mwanawe kwa ukosi kupitia nondo. Mama mwingine akasema taratibu, bila kumtazama mtu, kwamba Pazi amezoea. Mwingine akasema kwamba Tunu ndiye mgeni. Bibi Mwantumu alisikia, akaushika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili.

Mwalimu Sikudhani aliyasoma maandishi yale kama aliyeyaona leo. Aliyasoma kwa ukamilifu, kama alivyofunzwa chuoni: neno kwa neno, bila kuongeza ambalo halikuandikwa.

"Bwana Mkaguzi," alisema, "sheria haitaji mtoto. Inataja benchi."

Akaiweka fimbo ya mwanzi mkononi mwa Pazi. Akavua viatu, akavipanga mlangoni mahali pake kwa ukubwa, vya mwisho. Kisha akatembea kati ya madawati mpaka nyuma, akaketi.

Hakuna sauti iliyosikika ila ya mkoba. Miaka ilitoka, ishirini na minne mkobani, na wa ishirini na tano ukatoka benchi la nyuma. Sefu alirefuka, kaptura ikampanda. Mwingine alitema jino kiganjani akalistaajabia. Pazi aliinuka kama mtu anayepanda ngazi ndani ya mwili wake mwenyewe, magoti yakalia, mabega yakaipita meza, yakalipita dirisha, na alipofika alipokuwa anakwenda alitazama nje, juu ya ua, kwa muda mrefu, asiwaambie watu alichokiona. Na Tunu akarefuka. Si sana. Bibi Mwantumu aliingizwa ndani, akaweka kiganja chake juu ya kichwa cha mjukuu wake, akakipima na kifua chake mwenyewe, akayafunga macho kwa hiari yake, akasema kwamba yatosha, amekwisha kuona.

Huko nyuma Mwalimu Sikudhani alihisi mabutu manne yakimvuta kichwani. Alitazama chini. Miguu yake haikugusa sakafu.

Hakuogopa. Aliona aibu kidogo, kama mtu aliyekutwa na mgeni kabla ya kufagia. Alijaribu kuukumbuka wimbo wa zamani ili ajitayarishe kwa mwaka ujao, na wimbo haukuja. Palikuja matundu saba ukutani, na mwanga uliopenya kila tundu.

Tunu, aliyekuwa sasa mrefu kumzidi, alikuja akakaa kando yake benchini kwa muda, ingawa hakupaswa tena. Akatoa kizibo mfukoni, akakiweka juu ya goti dogo la Mwalimu.

"Hiki ni cha...," Mwalimu alianza kwa haraka, kwa sauti ya kitoto.

"Bado," Tunu alisema. "Kitazame kwanza."

Akakitazama. Akakitazama mpaka neno lililokaa juu yake likachoka, likainuka, likajiendea. Kisha akashuka kutoka benchini, akamshika Tunu mkono, akamvuta kwa nguvu kuelekea mlangoni, nje, kwenye mwanga, kwa kuwa alikuwa amemwona ndugu yake.